Mama Hakumpa Mkono

Mama yangu aliamini kwamba nitapona kabla daktari hajaamini, na alilionyesha hilo kwa kukataa kumsalimia kijana mmoja kwa mkono. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa kwenye sindano ya nne kati ya sita za kansa, sikuwa na unywele hata mmoja kichwani, na mdogo wangu wa darasa la sita alikuwa amenishinda uzito. Mama alirudi nyuma hatua moja, akaficha mikono ndani ya leso, akatazama dirishani. Kijana akabaki na mkono wake hewani. Mimi niliyekuwa nimeegemea kiti huku dripu ikinitiririkia nilifurahi siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka ule. Yeye alitoka pale ameumia, na akaacha dawa.

Ili jambo hilo lieleweke inanibidi nianze mwanzo.

Uvimbe ulinitoka shingoni, upande wa kushoto, nikiwa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Metroni alisema ni baridi. Baadaye nilipewa dawa za kifua kikuu, nikazimeza miezi mitatu bila uvimbe kujali. Mwishowe daktari mmoja alikata kipande kidogo cha ile tezi akakituma Nairobi. Kipande kile kilifika Nairobi kabla yangu. Mimi sikuwa nimewahi kupita Nakuru. Majibu yalikaa sana. Baba, aliyekuwa karani wa serikali na mwenye mazoea ya kusoma barua mara mbili kabla ya kusema lolote, aliyasoma mezani, akaikunja karatasi, akasema, "Kuna dawa." Hakusema ni ya nini. Mimi mwenyewe nililisoma lile neno baadaye, alipokuwa kazini.

Nikatolewa shule. Tuliishi Shirere, pale Kakamega, katika nyumba ya kukodi iliyozungukwa na vyumba vya wanafunzi, na mchana kutwa nilisikia redio zao. Mama alikuwa mwalimu wa nasari karibu na hapo. Mpango uliwekwa hivi: sindano sita, kila moja Jumatano, wiki tatu kati ya moja na nyingine. Mama angenipeleka hospitali asubuhi, arudi kwa watoto wake wa nasari, kisha aje kunichukua saa nane.

Kwa vile sikuwa na insha wala mtihani wa kuandika, niliandika kila kitu kilichotokea katika zile Jumatano. Nilikuwa na daftari la mraba lililobaki nusu, la hesabu, na nililigawa: tarehe juu, kushoto joto la mwili, kulia maneno ya watu. Maneno mengi ninayoyatoa hapa yametoka kwenye daftari hilo.

Chumba cha sindano kilikuwa mwisho wa koridoni, baada ya stoo ya magongo. Kilikuwa na viti viwili vya kuegemea, vyuma viwili vya kutundikia dripu, kimoja kikiwa na gurudumu lililokwama, na dirisha lililotazama kamba za kuanikia mashuka. Muuguzi wa chumba kile tulimwita Sista. Alikuwa mtu wa Kisii, mnene, na alitembea polepole kama mtu aliyebeba maji.

Jumatano ya kwanza kiti cha pili kilikuwa na kijana. Alikuwa mrefu, amevaa sweta ya shule na kofia ya kampuni ya mbegu za mahindi, na mguu wake wa kulia ameunyoosha mbele kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike. Alisema wao ni watu wa Mautuma, upande wa Lugari. Baba yake alilima mahindi kwenye sehemu ya shamba ambalo zamani lilikuwa la mzungu. Alikuja mjini na lori la mjomba wake lililoleta magunia.

"Umeshawahi kuja, ama ndio unaanza?" aliniuliza.

"Naanza."

"Hata mimi. Basi nani atangulie?"

"Wewe ni mwanaume."

"Nani amekwambia?"

Sista akasema, bila kugeuka, "Atakayetangulia ni yule nitakayempata mshipa kwanza."

Alimpata mshipa yule kijana. Dawa ilikuwa nyekundu kama sharubati. Sista alitueleza kwamba tukienda choo tusishtuke, na tukitapika tutapike kwenye beseni, si kwenye sakafu yake. Kijana alisikiliza kama mwanafunzi wa mbele, kisha akauliza kama anaweza kucheza mpira na dawa ile ikiwa mwilini. Alikuwa golikipa. Sista alitazama goti lake, ambalo lilikuwa limevimba kufikia ukubwa wa nazi, akasema, "Tutaona." Nilisikia jinsi alivyosema. Yeye pia alisikia.

"Huyu ni mgeni," kijana aliniambia, Sista alipotoka, akiligusa goti. "Amekuja mwezi wa pili. Tumemnyima chai, tumemnyima kiti, na bado hataki kwenda."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mtu akiniuliza mapenzi yetu yalikuwa ya namna gani, sina la kusimulia la ajabu. Kila Jumatano ya tatu tulikaa kwa muda wa saa nne kwenye viti viwili, mimi mkono wa kushoto umefungwa, yeye wa kulia, na mikono iliyobaki huru ikawa ndiyo iliyo karibu. Jumatano ya pili alileta malimau kutoka kwao na chumvi kwenye kipande cha gazeti, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba kulamba limau kunazuia kutapika. Alikuwa amejaribu vitu sita nyumbani kwao na kuviandika kiganjani kwa kalamu: tangawizi, chai ya rangi, mkaa, miwa, limau, njaa. Njaa ilikuwa mbaya kuliko vyote. Mtu anayefanya uchunguzi wa namna hiyo akiwa anatapika alinivutia sana.

Yeye alikuwa kidato cha nne, na mtihani ulikuwa unamngoja. Nilimletea karatasi za zamani za kemia nilizokuwa nazo. Alinisomea kwa sauti, nami nikajibu nikiwa nimefumba macho. Nikikosa alisema, "Sista, ongeza dawa, huyu bado ana ujinga." Alitaka kuwa bwana shamba. Alisema baba yake hupanda kwa kukadiria, na kwamba yeye angeweza kumwongezea magunia kwa kumfundisha tu kupima.

Jumatano ya tatu nilifika na kitambaa kichwani. Nywele zilikuwa zimeanguka zote wiki ile, nyingine kwenye mto, nyingine kwenye bakuli la uji. Sikumtazama. Yeye alivua kofia yake. Kichwa chake kilikuwa cheupe, kimejaa mabonde.

"Zangu zilimalizika Ijumaa," alisema. "Zako?"

"Jumapili. Kanisani."

"Mbele ya pasta?"

"Mbele ya kwaya."

Akanivalisha kofia yake juu ya kitambaa changu. "Hii ni ya mbegu," alisema. "Ukiivaa nywele zitaotanga kwa mistari."

Nilicheka mpaka dripu ikatikisika, na Sista akaja kuangalia sindano.

Kuna jambo jingine alilonieleza siku hiyo, na nitalitaja kwa sababu yote yaliyofuata yametokana nalo. Miaka ile mtu akikonda, watu walimaliza habari yake kwa neno moja tu, ukimwi. Yeye alikuwa amekonda, amenyonyoka nywele, na anakwenda hospitali kila mara na hakuna aliyeona bandeji. Majirani wa Mautuma waliacha kumpa mkono. Waliinua kiganja kutoka mbali, kama mtu anayesimamisha gari. Shuleni kikombe chake kilitengwa. Mama yake alikuwa amefariki yeye akiwa mdogo, baba hakuwa mtu wa maneno, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kueleza. "Nimezoea," aliniambia. "Nikiona mtu anakuja naweka mikono mfukoni mapema, nimpunguzie kazi."

Pale chumbani hakuweka mikono mfukoni. Nililiona hilo.

Sasa nifike Jumatano ya nne. Mama alimaliza watoto wake mapema, akaja saa sita badala ya saa nane. Alitukuta hivi: mimi nimelala, kichwa changu, chenye kofia yake, kiko begani kwa kijana, kitambaa changu amekikunja vizuri mara nne na kukiweka juu ya lile goti lake, na mkono wake ulio huru umeshika beseni chini ya kidevu changu, endapo nitatapika. Kemia ilikuwa sakafuni. Nilizinduka kwa sababu bega lilijikaza.

Mama alikuwa mlangoni. Sista, aliyekuwa anaandika, alisema, "Hawa nimewaacha hivyo hivyo, mwalimu. Wakilala hawanisumbui."

Kijana aliweka beseni chini. Akashika chuma cha dripu, akajiinua kwa mguu mmoja, jambo lililomchukua muda, na sisi sote tukamngoja. Aliposimama sawasawa alinyoosha mkono wa kulia, ule wenye sindano, na wa kushoto akaushikisha kwenye kiwiko kwa heshima, kama alivyofunzwa na kila mtu mzima.

"Habari yako, mama."

Mama akarudi nyuma. Mikono ikaingia ndani ya leso. Akatazama dirishani, kwenye mashuka, akasema kwa sauti ya kuwaambia watu wote na si mtu mmoja, "Hamjambo humu ndani." Kisha akatoka, na kupitia mlango nikamwona amesimama koridoni, ametupa mgongo.

Niliijua hatua ile moja ya kurudi nyuma. Nilikuwa nimeiona miezi michache kabla ya hapo, siku mchumba wa dada yangu mkubwa alipoletwa nyumbani na wajomba zake. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja, hawapishani mlangoni. Mkwe akiingia mbele, mama hutoka kwa nyuma, na chakula anakipika yeye lakini kinapelekwa na mtu mwingine. Ni heshima kubwa kuliko zote alizo nazo mwanamke kwa mwanamume asiye wa damu yake. Na heshima hiyo haina maana kwa mama ambaye binti yake anakufa. Huwezi kumkimbia mkwe ikiwa huoni arusi yoyote mbele.

Nililielewa hilo kabla mlango haujatulia. Kwa miezi yote ile mama hakuwa amenipa neno la matumaini. Alikuwa akinipa uji. Sasa, bila kukusudia, alikuwa ameniambia kila kitu. Nilitazama mashuka na mimi, nikicheka peke yangu, na nikashindwa kumtazama kijana kwa aibu. Maana ningemwambiaje? Msichana wa miaka kumi na saba amwambie mvulana, mama yangu amekuona mkwe? Hiyo ingekuwa mimi ndiye ninayemposa.

Kwa hiyo nilinyamaza. Alikaa chini polepole. Alichukua kofia yake kutoka kichwani pangu, kwa upole, akaivaa, na mkono ule akautia chini ya paja. Nilidhani na yeye ana aibu.

Jumatano ya tano kiti chake kilikuwa kitupu. Sista alisema labda lori limekwama, mvua ilikuwa imenyesha. Nilipata sindano yangu nikitazama mlango. Saa tano aliingia dereva wa lori, akavua kofia, akampa Sista barua, Sista akaisoma nje, akanipa mimi. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya nyuma ya mtihani wa kemia.

Sitainakili yote. Alisema sindano zimetosha. Alisema nimwambie mama yangu asiwe na wasiwasi, ugonjwa wake hauambukizi kwa mkono wala kwa bega, lakini hawezi kumweleza kila mtu. "Nyumbani nimezoea," aliandika, "lakini pale nilikuwa nimeacha kuzoea." Alinitakia sindano mbili njema.

"Dawa hii haipendi kukatizwa," Sista alisema, akiangalia chupa yangu na si mimi. "Goti lilikuwa limeanza kupungua. Nililipima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani." Alitoa ile futi mfukoni kama ushahidi. "Mwambie arudi. Sijali nani amekataa kumsalimia nani."

Jioni nilimpa mama ile barua. Alikuwa jikoni anasonga obusuma. Aliisoma amesimama, mwiko ukiwa ndani ya sufuria, na akasahau kusonga mpaka ugali ukaanza kuungua.

"Huyu mtoto hana mama?"

"Hana."

"Ndiyo sababu." Alisogeza sufuria. "Mtu aliyelelewa na mama angejua."

"Kwani ulikuwa umefikiria, mama? Siku ile?"

"Nifikirie nini?" Alifuta mikono. "Nilimwona ameshika lile beseni. Mkono ulirudi wenyewe."

Hatukulisema tena jambo hilo, ila sote wawili tulikaa jikoni muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo.

Tatizo lililobaki lilikuwa la adabu, na watu wa kwetu watalielewa. Aliyefanya kosa ni mama, na aliyepaswa kwenda kueleza ni mama. Lakini kama kweli alikuwa mkwe, mama hangeweza kukanyaga kwao bila kuitwa, tena amfuate mpaka uwanjani kwao kumwambia kwa nini hamsalimii. Na kama angekwenda na kumshika mkono ili kumtuliza, angekuwa amekivunja kile alichokisema kwa kurudi nyuma. Alilizungusha jambo hilo siku mbili. Baba alishauri barua. Mama alisema barua ndiyo iliyotufikisha hapo. Siku ya tatu akasema, "Mwiteni senje."

Senje, yaani shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameolewa Malava na aliuza vitambaa kando ya barabara. Alikuwa na mikunjo mingi usoni, ya kucheka, na hakuna jambo aliloogopa kulisema. Mambo ya wasichana na wachumba kwetu ni kazi ya senje. Aliposikia habari yote alimtazama mama kwa muda.

"Wifi, kwa hivyo umempata mkwe hospitali?"

"Nenda ukamwambie."

"Wengine wanaendanga kwa arusi, wengine kwa kwaya. Wewe unaokota kwa dripu."

"Nenda tu."

Siku zilipita mpaka nilipopata nguvu za kusafiri. Tulikwenda Jumamosi, siku nne kabla ya sindano yangu ya mwisho. Mautuma ilikuwa imejaa mahindi. Yalikuwa kwenye maturubai, juu ya mabati, na kwenye kila uwanja tuliopita. Tulimkuta kijana amekaa chini kwao, mguu umenyooshwa, anapukuchua mahindi kwenye karai. Aliponiona aliacha kupukuchua, lakini hakusimama. Baba yake alitoka nyuma ya nyumba, mzee mrefu kama mwanawe, akatukaribisha na kumtuma mtu amkamate ingokho.

"Muache huyo kuku aishi," senje alisema. "Sijaja kula. Nimeleta neno la wifi yangu, na likikaa litaoza."

Tukakaa. Senje akamgeukia kijana.

"Kijana, ulimnyoshea mkono mama ya huyu?"

"Ndiyo, mama."

"Akaukataa?"

"Akaukataa." Alisema hivyo huku akiyatazama mahindi.

"Sasa nisikilize. Yule wifi yangu huwafuta kamasi watoto arobaini wa nasari kila siku ya Mungu. Haogopi kidonda, haogopi kohozi. Kama angekuona mgonjwa, angekushika mkono mpaka kwapani na kukuombea. Alirudi nyuma kwa sababu amekuona mkwe. Baba, si hata kwenu ni hivyo?"

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Ni hivyo," alisema.

"Basi mbona hukumfundisha?"

"Hayo alipaswa kuambiwa na mamake." Kisha akaongeza, "Sikujua kama yuko karibu na mambo hayo. Nilidhani anaendanga sindano."

"Alikuwa anaenda vyote."

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa kiasi kwamba nilikiona kichogo chake. Senje akamgusa kwa ncha ya kiatu.

"Usitetemeke, sijaleta arusi. Umalize shule, umalize sindano. Na hao ng'ombe wa baba yako nimewaona pale njiani, wamekonda kuliko nyinyi wawili. Tutangoja wanone."

"Sindano amemaliza," mzee alisema. "Aliniambia daktari amesema zile nne zinatosha."

Mimi ndiye niliyesema, kwa sababu ndiye niliyekuwa na daftari. "Ni sita, baba."

Mzee akamtazama mwanawe. Hakupaza sauti. "Mimi nimekuwa nikimshukuru Mungu kwa nne," alisema. Akainuka, akaenda kusimama karibu na turubai, akaanza kugeuza mahindi kwa mguu, ingawa yalikuwa yamegeuzwa tayari.

Senje alimfuata. Tukabaki wawili na karai.

"Wewe ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile ile."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini?"

Alifikiri kweli, kama mtu aliyepewa swali la mtihani. "Ungesema, mama amekuheshimu. Hayo tu. Ningeenda kuuliza watu maana yake."

Nilichukua hindi moja kwenye karai nikaanza kupukuchua. Vidole vyangu vilikuwa laini kwa kukaa ndani, punje zikaniumiza, na yeye akaninyang'anya lile hindi, akalianzisha kwa kucha mistari miwili, akanirudishia pale palipokuwa rahisi. Tulimaliza karai zima hivyo. Yeye alianzisha, mimi nikamalizia.

Jumatano ile alikuja. Baba yake alimleta mwenyewe, akakaa nje kwenye benchi na kofia magotini. Sista alisema, "Leo nitakufunga kwa kamba kwenye hiki kiti," kisha akamtafutia mshipa kwa upole sana. Kwangu ilikuwa ya sita na ya mwisho, kwake ya tano. Mama hakwenda nasari siku hiyo. Alisimama koridoni mahali ambapo hangeonekana, akapitisha chupa ya uji na vikombe viwili kwa mkono wa Sista.

"Mwambie huyo mgeni uji una ndimu," sauti ya mama ilisema.

"Mwambie mama asante," kijana aliujibu ukuta.

"Mwambie anywe ungali moto."

"Mwambie nanywa."

"Nyinyi watu wa huku," Sista alisema akiwa katikati ya mlango, "mmenifanya posta."

Kijana alicheka, na mimi nikacheka, na kutoka koridoni nikasikia mama akijizuia. Tulishikana mikono siku ile, ile iliyo huru, saa nne nzima, wala hatukufungua kemia. Alisema tukipona wote wawili, itabidi mimi ndiye nipike, kwa sababu mama hataweza kuingia jikoni kwake miaka yote. Nilisema nitapika malimau.

Kabla ya kuondoka Sista alilipima goti kwa futi yake. Daftari langu linasema hivi: "Goti. Sista amepima mara mbili. Hakusema." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Nimewauliza madaktari wawili, katika kazi yangu ya baadaye ya kuandika habari, kama wiki tatu zilizopotea zinaweza kuharibu kitu. Mmoja alisema zinaweza. Mwingine alisema goti la namna ile lingehitaji kisu hata kama hangekosa siku moja.

Mimi nilirudi shuleni muhula uliofuata. Sindano yake ya sita sikuiona. Aliniandikia barua tatu kupitia shule, na ya mwisho ilitoka hospitalini Eldoret. Alisema Jumatatu wangeamua kuhusu mguu, ukatwe au usikatwe, na kwamba ataniandikia jibu siku hiyo hiyo. Alituma salamu kwa mama. Niliandika mara nne. Haikuja barua nyingine.

Nimepona. Miaka imepita mingi, na nimeulizia kwa njia nilizo nazo. Mwanamke mmoja anayeleta maharagwe mjini Kakamega aliniambia kuna mwalimu wa mguu mmoja huko mbele ya Turbo, mrefu, mtu wa utani, anayefundisha kilimo. Hakujua jina la shule, na niliyoyafuata hayakunifikisha. Mwaka mmoja nilikwenda Mautuma mwenyewe. Shamba lilikuwa limeuzwa. Mwenye shamba mpya alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akanionyesha mwisho wa mahindi yake mahali ambapo ameacha kulima kwa heshima. Kuna makaburi mawili pale, hayana msalaba wala jina. Moja aliambiwa ni la mama wa nyumba ile. Kuhusu la pili, alisema, aliponunua aliambiwa ni la baba au la kijana, lakini hakumbuki ni lipi, na nyumba ya zamani imebomolewa, kwa hiyo hata huwezi kujua yalikuwa upande gani wa mlango, na kwetu ni upande huo unaoonyesha kama aliyelala pale ni mzee wa boma au mwanawe.